Chumba Kwanza, Duka Baadaye: Nasaha kwa Anayeanza Podikasti Viungani mwa Dar es Salaam

Swali moja limekuwa likirudi kila mara kutoka kwa wasomaji wa Mbagala, Tegeta, Tandika, Mwananyamala na Bunju, nalo, hata likibadilishwa maneno, maana yake haibadiliki: "Nataka kuanzisha podikasti, nina akiba ndogo, ninunue maiki gani, na nitumie programu gani?" Ni swali la heshima, kwa kuwa aulizaye ana jambo la kusema na anataka limfikie msikilizaji likiwa safi; walakini aghalabu huulizwa kinyume, maana muulizaji hutaja kifaa kabla ya kutaja chumba, ilhali chumba ndicho kitakachoamua kifaa kipi kitamfaa na kipi kitamtia hasara.

Makala haya, basi, yanashikilia rai moja tangu mwanzo hadi mwisho: chagua zana zako kwa mujibu wa mahali utakaporekodia, wala si kwa mujibu wa kinachong'aa katika kabati la vioo dukani. Nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni zimejengwa kwa matofali ya saruji, zimeezekwa bati, madirisha yake ni ya nondo na nyavu, na kuta zake zimekaribiana na za jirani kwa hatua chache. Nasaha zilizotungwa kwa ajili ya chumba chenye zulia na madirisha ya vioo viwili katika nchi ya baridi haziwezi kuhamishiwa hapa kama zilivyo.

## Kabla ya kutoa fedha, sikiliza chumba chako

Kazi hii haina gharama, na simu uliyo nayo yatosha kuifanya. Ifanye hivi:

1. Rekodi dakika moja ya ukimya ndani ya chumba ulichokusudia, mara nne kwa siku: alfajiri, saa nne asubuhi, alasiri, na saa tatu usiku.
2. Sikiliza kila rekodi kwa hedifoni, ukiandika kila sauti unayoisikia: bodaboda, mashine ya kusaga, gereji ya kuchomelea, muziki wa jirani, kuku, feni, friji.
3. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaoning'inia hewani baada ya kofi, kuta zako ni tupu na zinarudisha sauti.
4. Rudia siku ya Jumamosi au Jumapili, kwa kuwa mtaa uliotulia Jumanne huenda ukawa na shughuli ya harusi mwisho wa wiki.

Ukimaliza utakuwa na jambo ambalo muuza duka hawezi kukupa, nalo ni saa yako ya kurekodi. Katika mitaa mingi ya makazi, muda ulio baina ya watoto kwenda shule na adhuhuri ndio wenye utulivu zaidi, lakini usiliamini neno hili mpaka masikio yako yalithibitishe kwako. Nyakati za adhana zinajulikana kila siku, kwa hiyo zipangie mapumziko badala ya kurekodi ukitumaini kwamba hazitasikika.

Ipo kelele moja isiyokuwa na dawa dukani: mvua juu ya bati. Msimu wa masika, baina ya Machi na Mei, na ule wa vuli, baina ya Oktoba na Desemba, unaweza kukuharibia ratiba ya wiki nzima. Kwa sababu hiyo mwenye busara hurekodi vipindi viwili au vitatu vya akiba kabla msimu haujaingia.

## Kukituliza chumba bila gharama kubwa

Chumba kina maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni kelele zinazoingia kutoka nje, ambazo huzuiliwa na uzito: ukuta, mlango mnene, dirisha lililozibwa. La pili ni mwangwi wa ndani, ambao hupunguzwa na vitu laini vinavyoimeza sauti. Mtu akitumia dawa ya ugonjwa mmoja kutibia mwingine, hupoteza fedha na kukata tamaa.

Hapa ndipo lilipo kosa la trei za mayai. Wengi wamezigandisha ukutani wakiamini kwamba zitaizuia sauti ya bodaboda, nazo haziizuii hata kidogo, kwa kuwa hazina uzito. Wala haziondoi mwangwi kwa kiasi cha maana, kwa kuwa ni karatasi nyembamba. Fauka ya hayo, hushika vumbi na hushika moto upesi.

Fanya haya badala yake:

- Chagua chumba kidogo chenye vitu vingi. Chumba cha kulala chenye kitanda, godoro na kabati la nguo ni bora kuliko sebule kubwa yenye vigae.
- Tandika zulia au mikeka miwili sakafuni, hasa palipo na vigae au saruji tupu.
- Tundika mablanketi mazito nyuma ya msemaji na ubavuni mwake. Mablanketi ya mitumba ya soko la Tandika yanaifanya kazi hii vizuri.
- Ukiwa na fedha kidogo zaidi, mwombe seremala, na Keko wapo wengi, akutengenezee fremu nyepesi za mbao, uzivike blanketi mbilimbili. Zitasimama unaporekodi na kuegeshwa ukutani ukimaliza.
- Ziba dirisha kwa pazia nene au godoro wakati wa kurekodi tu, kisha lifungue, maana joto la Dar es Salaam halimpi mtu nafasi ya kuzungumza kwa raha ndani ya chumba kisichopitisha hewa.

Tahadhari: sponji, hata ile ya godoro, huwaka upesi na moshi wake ni sumu. Usiiweke karibu na jiko, mshumaa wala taa inayotoa joto.

Feni na friji nazo zizimwe. Rekodi kwa vipande vya dakika ishirini, kisha upumzike na kuiwasha feni. Ama kuhusu friji, weka ufunguo wa nyumba ndani yake kabla ya kuizima, ili usiweze kutoka bila ya kukumbuka kuiwasha tena.

## Maiki: ipi, na kwa nini

Maiki zinazouzwa kwa kazi hii ni za jamii mbili kubwa.

Maiki ya dainamiki huhitaji sauti iwe karibu, nayo hupokea kidogo sana kile kilicho mbali. Haihitaji umeme wake yenyewe, ni ngumu, na huvumilia joto, unyevu na kuanguka kwa bahati mbaya.

Maiki ya kondensa ni nyepesi ya kusikia: huipokea pumzi, mdomo unaofunguka, kiti kinacholia, na pia gari lipitalo barabara ya pili. Ile ya waya wa XLR huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti au miksa inamochomekwa, nayo hudhurika kwa unyevu kuliko mwenzake.

Kwa chumba cha kawaida cha Mbagala au Mwananyamala, jibu letu ni la wazi: nunua ya dainamiki. Huenda ukasema, "Lakini wengi ninaowaona mtandaoni wanatumia kondensa, na sauti zao ni nzuri." Ni kweli, na chumba chao kimetengenezwa. Kondensa ni sifa njema mahali penye ukimya. Mahali penye kelele huwa shahidi anayesema kila alichosikia, akiulizwa na asipoulizwa.

Katika zile za dainamiki, mwanzilishi atafute yenye milango miwili, wa USB na wa XLR. Leo ataichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kesho, akipata mashine kubwa zaidi, ataitumia maiki ileile bila ya kununua nyingine. Mifano yenye sifa hii ni Samson Q2U, Audio-Technica ATR2100x-USB, Fifine K688 na Maono PD200X. Usipozikuta madukani, usishikilie jina. Shikilia sifa hizi:

- iwe ya dainamiki, na iwe inayopokea sauti ya mbele zaidi kuliko ya nyuma;
- iwe na mlango wa USB, na ikiwezekana wa XLR pia;
- iwe na tundu la hedifoni juu yake yenyewe, ili ujisikie papo hapo bila ya kuchelewa;
- iwe na kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti.

Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966, ni maiki ya XLR inayotumiwa sana majukwaani, nayo inafaa sana kwa podikasti mradi uwe na mashine ya kuichomeka. Ama ile Shure SM7B inayoonekana katika studio kubwa, iache kwanza: huhitaji kuongezewa sauti takriban desibeli 60, kiasi ambacho mashine nyingi za bei nafuu hukifikia kwa taabu na mvumo mwingi.

### Je, simu pekee haitoshi?

Yatosha kuanzia, hasa ukiwa chini ya blanketi na simu ikiwa karibu na mdomo. Anayekwenda kuwahoji watu nje ya nyumba anaweza kuiongezea maiki ndogo ya kubana kwenye kola, kama Boya BY-M1, ambayo waya wake una urefu wa meta 6. Ajue tu kwamba hiyo nayo ni kondensa inayosikia pande zote. Sokoni itaileta kauli ya mhojiwa pamoja na soko lenyewe. Kwa simulizi za mtaani hilo huweza kuwa zuri. Kwa mazungumzo ya saa nzima huchosha.

### Umbali ni nusu ya ubora

Maiki bora ikitumiwa vibaya hushindwa na maiki duni inayotumiwa vizuri. Kila unapouzidisha umbali baina ya mdomo na maiki mara mbili, sauti yako hupungua takriban desibeli 6, ilhali kelele za chumba hubaki zilivyokuwa. Kwa hiyo:

1. Kaa umbali wa vidole vinne hadi shubiri moja fupi, yaani sentimita 8 hadi 15.
2. Ielekeze maiki kwenye pembe ya mdomo, si katikati, ili pumzi za herufi "p" na "b" zipite pembeni.
3. Elekeza mgongo wa maiki kwenye kelele: kama dirisha liko mashariki, wewe lielekee dirisha, na maiki ilipe kisogo.

## Mtu mmoja, wawili, au baraza zima?

Amua idadi ya wasemaji kabla ya kununua, maana hapa ndipo wengi huingia gharama mara mbili.

- Mtu mmoja: maiki moja ya USB na kompyuta. Huhitaji miksa wala kitu kingine.
- Watu wawili: maiki mbili za XLR na kadi ya sauti ya nje yenye milango miwili ya maiki, kama Behringer UMC202HD au Focusrite Scarlett 2i2. Angalia vizuri: Behringer UM2 na Scarlett Solo zina mlango mmoja tu wa maiki, hata kama tundu la pili linaonekana.
- Watu watatu au wanne: mashine ya kurekodi inayojitegemea, kama Zoom PodTrak P4, yenye milango minne ya maiki, matundu manne ya hedifoni, na uwezo wa kutumia betri mbili za AA, ili umeme ukikatika mazungumzo yaendelee.

Usinunue maiki mbili za USB ukitaraji kuzichomeka zote kwenye kompyuta moja, kwa kuwa programu kama Audacity hupokea kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Wala usimweke mgeni upande wa pili wa maiki moja mezani. Mmoja wenu atasikika kana kwamba yuko chumba cha pili.

## Hedifoni na vidogo visivyodharauliwa

Hedifoni zinazofunika sikio lote, zisizovuja sauti nje, ni za lazima. Asiyejisikia wakati wa kurekodi huligundua kosa baada ya mgeni kuondoka. Epuka zile zisizokuwa na waya, kwa kuwa huchelewesha sauti na kumfanya msemaji ajikwae katika maneno yake mwenyewe. Epuka pia zilizotengenezwa kuongeza besi, kwa kuwa hukufichia kasoro.

Kisha nunua:

- stendi nzito au mkono wa kufunga mezani, maana maiki inayoshikwa mkononi hupokea kila mguso;
- sponji ya kuvika maiki, au kichujio cha pumzi cha kitambaa;
- waya wa akiba, kwa kuwa waya ndio hufa kwanza;
- kadi ya kumbukumbu au flashi iliyo ya kazi hii pekee.

Baada ya kazi, usiiache maiki mezani. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Ihifadhi ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

## Umeme: adui asiyeonekana

Umeme wetu ni wa volti 230 na masafa ya hezi 50, na plagi zetu ni za miguu mitatu. Vifaa vingi vinavyoletwa kutoka Dubai na China huja na plagi za miguu miwili pamoja na adapta nyepesi isiyokuwa na ethi, na hapo ndipo unapozaliwa ule mvumo wa chini usiokoma ndani ya rekodi. Fuata mpango huu:

1. Chaji kompyuta mpaka ijae, kisha chomoa chaja na urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo huondoka papo hapo.
2. Weka simu zote katika hali ya ndegeni. Simu iliyo karibu na waya wa maiki hupandikiza mlio wa kukatakata hata kama haiiti.
3. Tazama uniti za LUKU kabla mgeni hajafika.
4. Umeme ukikatika, chomoa vifaa vyote. Visirudishwe mpaka umeme umetulia, kwa kuwa ule mshtuko wa kurudi ndio unaounguza.
5. Usirekodi huku jenereta inanguruma karibu. Ahirisha.

## Ukifika Kariakoo

Wengi wetu tutanunua Kariakoo, nako kuna bidhaa njema na wafanyabiashara waaminifu, lakini kuna pia bandia zilizofungwa vizuri. Winga, yaani dalali, atakayekupokea barabarani huishi kwa kamisheni, kwa hiyo usimwachie uamuzi wa kifaa. Nenda na orodha iliyoandikwa, tembelea maduka yasiyopungua matatu, na usiseme kiasi cha fedha ulichobeba.

Kabla ya kulipa:

- Nenda na kompyuta au simu yako pamoja na hedifoni, uijaribu maiki dukani. Muuzaji akikataa, ondoka.
- Ongea ukiwa karibu, kisha uende nyuma ya maiki uongee tena. Sauti ya nyuma isipopungua, si maiki uliyoambiwa.
- Tikisa waya kwenye maungio wakati unasikiliza. Ukisikia kukwaruza, achana nayo.
- SM58 ni miongoni mwa maiki zinazoigwa sana duniani. Ya asili ina uzito wa gramu 298. Nyepesi sana, au ya bei ya kushangaza, itilie shaka.
- Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, na uandikiwe muda wa kurudisha kikiharibika.

Jihadhari kwa namna ya pekee na zile seti zinazopambwa kwa jina la "studio kamili": maiki ya BM-800, kisanduku cha V8 chenye vitufe vya vicheko na makofi, stendi nyepesi, vyote kwa bei moja. Humvutia mwanzilishi kwa wingi wa vitu, ilhali maiki yenyewe ni kondensa, na kisanduku chake aghalabu huongeza mvumo. Kifaa kimoja kizuri ni mtaji. Vitano dhaifu ni deni.

## Programu: hapa usitoe senti

Programu ya kuanzia ni Audacity, inayotolewa bure tangu mwaka 2000, nayo hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux, hata katika kompyuta ya zamani. Ipakue kutoka tovuti yake yenyewe, si kutoka kwa mtu mwenye flashi. Mwenye kompyuta ya Apple anaweza kutumia GarageBand. Asiye na kompyuta ajaribu BandLab ndani ya simu. Ukikua na kuhitaji zaidi, Reaper hujaribiwa kwa siku 60, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani.

Huenda rafiki akakuambia kwamba wataalamu hutumia Adobe Audition, na kwamba anaye fundi wa kukuwekea iliyovunjwa. Kataa. Ni wizi wa jasho la mtu, na mara nyingi huja na virusi vitakavyokula rekodi zako. Wala hakuna kitu katika kazi yako ya mwaka wa kwanza ambacho Audacity haiwezi kukifanya.

Utaratibu wa kufuata katika kila kipindi ni huu:

1. Panga kurekodi kwa mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, sampuli 44,100 kwa sekunde, na kuhifadhi katika faili la WAV.
2. Rekebisha sauti ya kuingia ili pale unaposema kwa nguvu mshale ufike karibu na desibeli −12. Ukigusa sifuri, sauti hupasuka, na iliyopasuka haishoneki.
3. Kaa kimya sekunde kumi mwanzoni. Ukimya huo utaitumikia programu inapopima kelele za kuondoa.
4. Ukikosea, piga kofi moja, kaa kimya kidogo, urudie sentensi nzima. Kofi litaonekana katika mchoro wa sauti, na utajua pa kukata.
5. Ukihariri, anza kwa kukata yasiyofaa, kisha punguza kelele kidogo, desibeli 6 hadi 12, kisha ondoa mivumo iliyo chini ya hezi 80.
6. Sawazisha sauti ndogo na kubwa kwa kiasi.
7. Malizia kwa kuifikisha sauti ya kipindi kizima, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho LUFS, kwenye −19 kwa mono, au −16 kwa stirio, kilele kisizidi desibeli −1.

"Kwa nini nihangaike na mablanketi," atauliza mmoja, "iwapo programu za siku hizi huondoa kelele zenyewe?" Kwa sababu kinachoondoa kelele huondoa na sehemu ya sauti iliyogusana nayo; ukizidisha, msemaji husikika kama anazungumza ndani ya mtungi wa maji. Programu ni ya kusafisha vumbi lililobaki, si ya kubomoa ukuta.

Wala usione unyonge kutumia mono. Redio ya Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikika mwaka 1951, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 1957, wasikilizaji waliwapenda watangazaji wao kupitia spika moja tu. Sauti ya mtu mmoja anayezungumza haipati chochote kwa kugawanywa pande mbili, bali huongeza ukubwa wa faili.

## Faili, bando, na akiba

Msikilizaji wako hununua bando, na kumhurumia ni sehemu ya adabu ya kazi hii. Hisabu ni hizi kwa saa moja ya mazungumzo:

- WAV ya mono, biti 16: takriban MB 318;
- MP3 ya stirio, kbps 128: takriban MB 58;
- MP3 ya mono, kbps 64: takriban MB 29.

Kwa mazungumzo pasipo muziki, kbps 64 za mono zinatosha. Ukitaka ubora zaidi, tumia 96. Lakini WAV ya asili usiifute. Ihifadhi mahali pawili tofauti, mathalani katika diski ya nje na kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine, kwa kuwa mwizi, moto na mafuriko huchukua kompyuta pamoja na diski iliyo kando yake.

Kabla ya kutoa kipindi, kisikilize kupitia spika ya simu ya bei ndogo, nje, penye kelele kidogo. Hivyo ndivyo atakavyokisikia aliye ndani ya daladala ya Mbagala Rangi Tatu.

## Sheria isikukute usingizini

Matangazo ya mtandaoni nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 na marekebisho yake. Kabla ya kuanza kuchapisha kwa mfululizo, uliza ofisini kwao, Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, iwapo aina ya kipindi chako inahitaji leseni, na ada yake ni kiasi gani. Usiweke wimbo wa msanii mwanzoni mwa kipindi bila ya ruhusa, hata kwa sekunde chache. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda, nayo Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ndiyo mahali pa kuuliza. Na kila mgeni akubali kurekodiwa kwa kauli yake mwenyewe, mwanzoni mwa rekodi, maikrofoni ikiwa wazi.

## Makosa yanayorudiwa zaidi

- Kununua miksa kubwa kwa ajili ya msemaji mmoja.
- Kununua kamera kabla ya maiki; mtazamaji huvumilia picha hafifu, havumilii sauti isiyosikika.
- Kurekodi saa nzima bila ya kujaribu dakika moja kwanza.
- Kubadilisha kifaa kila kipindi kikikosa wasikilizaji, ilhali tatizo ni maneno yasiyoandaliwa.
- Kuweka muziki chini ya sauti kwa kipindi kizima.
- Kungoja studio ikamilike ndipo uanze.

## Namna ya kuigawa akiba yako

Chukua fedha ulizo nazo uzigawe mafungu kumi. Mawili yaende katika chumba: mablanketi, mikeka, fremu. Manne yaende katika maiki na stendi yake. Mawili yanunue hedifoni. Moja ni la waya, kadi na diski ya kuhifadhia. Moja libaki mkononi, kwa kuwa kitu kitaharibika. Programu haina fungu.

Kisha rekodi vipindi vitatu usivyovitoa kwa mtu yeyote. Wape watu wawili wasiokupendelea wavisikilize, uwaulize jambo moja tu: walichoka kusikiliza wapi? Pale walipochoka ndipo pa kurekebisha, na aghalabu utagundua kwamba dawa yake ni kusogea karibu na maiki, kuongeza blanketi moja, au kufupisha utangulizi, wala si safari ya pili ya Kariakoo.

Tunasisitiza haya yote kwa sababu moja. Viunga vya Dar es Salaam vimejaa mambo ambayo hayajapata kusemwa kwa sauti za wenyewe: mama lishe wa Tandika anayejua bei ya mchele kuliko gazeti, mvuvi wa Kunduchi aliyeona bahari ikibadilika, mzee wa Magomeni anayekumbuka mtaa ulivyokuwa kabla ya lami. Fedha isiyopotea katika vifaa vya fahari itatosha nauli ya kuwafuata, na muda usiopotea katika kutafuta maiki kamilifu utatosha kuwasikiliza. Anza wiki hii kwa ile rekodi ya dakika moja ya ukimya. Ukishajua chumba chako kinasema nini, utajua la kununua.